Robo ya Ua

Tusekile aliliona lile ua Jumamosi adhuhuri, mtoto yuko titi la kushoto, simu iko mkono wa kulia. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha vile inavyojua yenyewe, haina haraka wala mpango wa kuacha. Alikuwa anapitisha kidole tu kwenye kioo cha simu, anaangalia mambo ya watu, mara kidole kikasimama chenyewe.

Ukurasa ulijiita Dada Urembo wa Mashuka. Juu pameandikwa: "Michoro arobaini na tatu ya kudarizi, yote kwa bei ya soda, natuma kwa simu papo hapo." Chini yake picha zimepangwa safu kwa safu, na ya kwanza kabisa ilikuwa ua liitwalo Njia ya Chungu, lenye vitone vidogo vinavyofuatana kuzunguka petali kama chungu wanaohama.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti. Asajile, mwanawe wa miezi mitano, akaachia titi akamtazama mama yake, kama anauliza ni nini tena.

Msasani nzima, mtaa wao wa hapa Tukuyu, inajua kazi ya Tusekile. Ndiye anayechora maua ya mashuka. Mwanamke akitaka kudarizi shuka la harusi au kitambaa cha meza, anampelekea kitambaa, Tusekile anaweka karatasi ya kaboni, anapitisha penseli, na mwenye shuka anaondoka na ua lake tayari kwa sindano. Shuleni aliishia darasa la saba, na daftari lake la hesabu lilikuwa na maua mengi kuliko majibu. Baadaye akajifunza kuyapeleka maua kwenye simu. Anachora safi, anapiga picha, anaondoa kivuli, anaweka jina lake pembeni kwa herufi ndogo, halafu anamtumia mteja wa Mbeya au Kyela, ambaye anakwenda steshenari kuchapisha na kujipigia kaboni mwenyewe.

Alihesabu picha za kwenye ule ukurasa, akarudia. Thelathini na moja zilikuwa za mkono wake. Hizo zilimuuma, lakini maumivu yake aliyaelewa. Yalikuwa ya kuibiwa. Kumi na mbili zilizobaki ndizo zilizomfanya ainuke, akae, ainuke tena na mtoto kifuani, azunguke chumba kimoja kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Zile kumi na mbili zilikuwa za Bimdogo.

Bimdogo anakaa nyumba ya tatu ukishuka. Babu yake alipanda huku kutoka pwani na cherehani moja, naye Bimdogo kazaliwa hapa hapa, anaijua baridi ya Rungwe kuliko Wanyakyusa wengi, ila maua yake ni ya mama yake na ya mama wa mama yake. Alikuwa ameyahifadhi kwenye karatasi za kaki, mende wakaanza kuzila. Mwaka jana akamwita Tusekile ampigie picha zisipotee.

"Nakupa utunze," alimwambia siku hiyo, "sikupi utembeze. Anayetaka ua langu aje akae hapa mkekani, adarizi kipande kimoja mbele yangu mpaka mwisho. Hapo ndipo achukue."

Hakuwa na roho mbaya. Maua yale huchorwa robo tu. Kitambaa hukunjwa mara nne, kona ya mchoro ikawekwa pale mikunjo inapokutana, robo ile ikapigwa, kikageuzwa, ikapigwa tena, hata ua zima likazaliwa katikati. Karatasi yenyewe haisemi hilo. Haisemi pia uanzie wapi sindano. Anayesema ni Bimdogo.

Na kulikuwa na jambo jingine. Bimdogo alikuwa na furushi moja ambalo hajalifungua mbele ya mtu, hata mbele ya binti yake Rahma, anayeuza vitambaa sokoni. Maua ya mwisho ya mama yake. Wiki ile alikuwa amemwambia Tusekile: "Jumatano uje. Uje umeshiba, na simu yako iwe imeshiba chaji. Nitakufungulia."

Jumatano. Tusekile alihesabu vidole. Siku nne.

*

Saa tisa wifi yake Hellen akaingia amelowa, ndoo tupu kichwani. Ni mdogo wa mume wake, anakaa Kawetele, na kila Jumamosi huleta ndizi sokoni Tukuyu. Alipojifungua Tusekile, Hellen ndiye aliyekuja kumlea. Majuma matatu alipika, alifua, alimwogesha mtoto, na simu ikilia aliijibu yeye, maana mzazi hatakiwi kuhangaishwa na wateja.

"Ugonile, wifi," alisalimia huku akijikung'uta. "Mbona uso umekunjamana hivyo? Kaka kakuudhi nimpige?"

"Wifi, kaa kwanza. Nilipokuwa na uzazi, kuna mtu aliomba mchoro ukamtumia?"

"Walikuwa wengi. Si uliniambia niwatumie?"

"Kuna uliyemtumia mingi?"

Hellen akafikiri, kidole kwenye shavu. "Yule mama wa Mbeya. Mwenye maneno matamu. Alitaka jani la chai. Mimi jani la chai na jani la parachichi kwenye hiyo simu yako siyajui. Nikamtumia yote, nikamwambia, dada, chagua mwenyewe. Akachagua moja, akalilipia lile moja. Mtu mstaarabu kweli."

"Yote, wifi?"

"Sasa ningefanyaje? Mteja si lazima aone? Mimi nikipanga mikungu yangu pale chini, mtu anatazama yote, anabonyeza hii, anabonyeza ile, anachukua mmoja. Mingine si inabaki?"

 Tusekile alitazama ndoo, akaitazama ile mikono iliyomkanda tumbo kwa maji ya moto alfajiri ishirini mfululizo. Alimgeuzia simu, Hellen akatazama picha moja baada ya nyingine. Taratibu akakaa chini sakafuni, na nguo zake mbichi.

"Mwe! Kwa hiyo haikubaki kwetu."

"Ilibaki. Na kwake ilibaki."

"Hii biashara gani, ya mkungu kuwa kwako na kwangu?" Hellen akashika kichwa. "Na za Bibi Bimdogo zimo?"

"Zimo."

"Wifi, mimi nimekuua."

"Hujaniua. Vua hilo gauni utapata homa."

*

Jumapili, alipotoka kanisani, Tusekile alimwandikia mwenye ukurasa. Aliandika akafuta mara tatu kabla ya kutuma.

"Dada habari. Michoro unayouza ni yangu. Naomba uitoe."

Jibu lilikuja upesi kama lilikuwa limekaa mlangoni. "Salama mpenzi. Mtandaoni hakuna cha mtu."

"Jina langu lilikuwa pembeni. Umelikata."

"Sasa jina ndiyo nini? Mimi nikimwandika mbuzi wako jina langu anakuwa wangu?"

Tusekile alihisi masikio yanawaka. Kabla hajajibu, ujumbe mwingine ukaingia.

"Au umechora wewe yote? Apa basi, niitoe leo hii."

Alianza kuandika. Aliandika N, akaandika d, akaandika i. Kidole kikasimama chenyewe, kama kilivyosimama jana.

Maana lile jina lilikuwa kwenye picha zote arobaini na tatu. *Tusekile Michoro.* Hata kwenye Njia ya Chungu. Hata kwenye Mkufu, ambao Bimdogo alisema mama yake aliubuni akiwa na mimba yake. Aliliweka mwenyewe, kwa kidole hiki hiki, jioni moja ya mwaka jana, na hakuna mwizi aliyemshika mkono.

Akafuta zile herufi tatu. Akaweka simu kifudifudi juu ya meza na kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mumewe Obed aliporudi shambani, alimkuta anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja. Alimweleza lote isipokuwa la jina. Obed alibonyeza pale pa kutoa malalamiko, wakajaza wawili, wakasubiri. Jibu likaja kwa Kiingereza. Obed akalisoma kwa kusuasua: wameangalia, hawajaona kosa.

"Basi nyamaza," Obed alisema. "Bibi ana kasimu ka tochi. Picha ataziona wapi? Jumatano nenda, kafunguliwe furushi lako. Hao wa mtandaoni watachoka wenyewe."

"Na akija kujua?"

"Atajulia wapi?"

Ndilo lililomnyima raha, kwamba huenda Obed alikuwa anasema kweli. Bimdogo asingejua. Furushi lingefunguliwa mbele yake yeye, binti wa Kinyakyusa aliyeishia darasa la saba, mbele yake kabla ya Rahma. Kila alipolifikiria, moyo ulipanda kwa furaha, na papo hapo akaona haya.

*

Jumatatu na Jumanne hakupita njia ya nyumba ya tatu. Kwenda dukani alizungukia juu, kwenye utelezi, na mtoto mgongoni. Mara moja Bimdogo alimwona kwa mbali akampungia uzi mwekundu aliokuwa nao, naye akapunga, akaongeza mwendo kama ameacha sufuria motoni.

Kila baada ya muda aliufungua ule ukurasa. Alitaka aone picha zimeondoka. Hazikuondoka, ila chini yake maneno ya wanunuzi yalikuwa yanaongezeka.

"Mbona langu limetokea kama sikio?" aliuliza mmoja.

"Langu limekaa kwenye kona kama limefukuzwa," alisema mwingine.

"Mimi nyanya iliyokatwa. Dada Urembo, hili ua lina ndugu zake au liko peke yake?"

Tusekile alicheka bila kutaka, akaziba mdomo asimwamshe mtoto. Yule dada alikuwa ameuza robo. Hakujua kwamba ni robo. Kila aliyeuliza alimjibu kwa kijimoyo chekundu na maneno yale yale: "Fuata mchoro mpenzi."

Kisha akaona la mwanamke aitwaye Doreen, na kicheko kikaisha. "Jamani naombeni msaada. Ni shuka la mwanangu, anaolewa Jumamosi hii. Nimefuata mchoro wa Mkufu, ua limetokea nusu nusu pembeni na shuka lote jeupe limebaki tupu. Nikifumua kitambaa kinatoboka. Sina hela ya shuka jingine. Nifanyeje?"

Kijimoyo chekundu. "Fuata mchoro mpenzi."

Tusekile aliandika, "Dada, kunja mara nne," akafuta. Akimwambia, wote watasoma, na mwizi atakuwa ameuza ua zima, yeye kammalizia. Asipomwambia, kuna mama mahali anatazama shuka lililoharibika na siku zinakwenda. Na maneno yale hayakuwa yake kuyatoa. Hata "kunja mara nne" lilikuwa la Bimdogo.

Usingizi wa Jumanne haukumpata. Kulipopambazuka, alimfunga Asajile mgongoni, akamvika kofia ya sufu, na safari hii akashuka njia iliyonyooka.

*

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Mama Asajile. Umeshiba?" Bimdogo alikuwa ameshatandika mkeka, na furushi liko juu yake, limefungwa kwa kipande cha kanga. Alikuwa amejipaka wanja. Kuona ule wanja, Tusekile alitamani ardhi ipasuke.

"Nimeshiba, Bibi."

"Na simu?"

"Imeshiba. Ila Bibi, usifungue."

Bimdogo aliacha mkono juu ya fundo.

Tusekile alisema akiwa amesimama, mtoto mgongoni, kwa sababu alijua akikaa hatasema. Alisema kwamba maua yametoka. Kwamba yote kumi na mawili yanauzwa mtandaoni, na yametokea nyumbani kwake. "Nilipokuwa na uzazi wifi yangu ndiye alishika simu, hakujua, akamtumia mtu..."

"Simu ni ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Basi usiniletee wifi."

"Ndiyo, Bibi."

Bimdogo aliushika uzi uliokuwa sindanoni akauvuta polepole hadi ukaisha, akaichomeka sindano begani. "Mtu gani mwenye mkono mwepesi namna hiyo! Mende walikuwa wanakula ukingo tu. Wewe umewalisha katikati. Haya. Umemaliza?"

Hapo palikuwa na mlango. Tusekile angeweza kusema amemaliza.

"Bado. Niliandika jina langu."

"Wapi?"

"Pembeni ya picha. Zote. Na zako."

Mvua ilisikika juu ya bati. Asajile alikohoa.

"Kwenye Mkufu wa mama yangu," Bimdogo alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Simu ukiipa jina inaweka yenyewe kwenye kila..." Akamvuta mtoto juu mgongoni. "Hapana, Bibi. Niliona. Nilipenda lilivyokaa pale."

 Bimdogo aliinuka kwa magoti yake mabovu, akakataa mkono ulionyoshwa kumsaidia, akalibeba furushi hadi chumbani. Tusekile akasikia sanduku linafunguliwa, linafungwa, ufunguo unazungushwa mara mbili. Alirudi bila kitu mikononi, akakaa, akatazama ukuta.

Tusekile alingoja aambiwe aende. Hakuambiwa.

"Na hao wanaonunua," Bimdogo aliuliza mwishowe, bado anatazama ukuta, "wanadarizije bila mimi?"

"Hawawezi, Bibi. Kauza robo. Hajui kama ni robo."

"Kauza robo?"

"Mmoja anasema limekuwa sikio. Mwingine nyanya."

Bega la Bimdogo lilitikisika mara moja, kama kicheko kimekuja kikakuta mlango umefungwa. "Soma."

Tusekile akasoma. Sikio, nyanya, ua lililofukuzwa. Alipofika kwa Doreen sauti ikapungua, lakini akasoma hadi mwisho.

"Harusi lini?"

"Jumamosi. Jumamosi hii."

"Sasa binti wa watu atatandikiwa Mkufu wa mama yangu ukiwa umepinda, wakwe waje waseme hili ua gani baya hili." Bimdogo alipiga goti lake kofi. "Aka! Huyo mwizi simjui, Mungu atamjua. Lakini ua halitaaibishwa. Mpigie."

"Bibi, tukimwelekeza yeye, si tunamsaidia na yule aliyeiba?"

"Nimekwambia umwandikie pale sokoni kwao? Mpigie huyu mmoja. Nami nitamwambia kwa mdomo, kama ninavyowaambia wote."

Tusekile akamwandikia Doreen pembeni, kwa siri, akampa namba apige. Kabla hajaishusha simu, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi, Bibi?"

"Wewe nini?"

"Furushi. Na... mimi."

"Wewe niache kwanza nikasirike!" Bimdogo alimgeukia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akamtazama usoni. "Hasira yenyewe sijaikalia hata robo saa, weye unataka nikuambie nini? Mwaka huu sifungui. Mwaka ujao sijui. Na lile jina ulitoe leo, uweke la mwenyewe. La mama yangu, siyo langu. Mwanaisha binti Hashimu. Utaliandika vizuri, na utamtumia kila uliyewahi kumwonyesha, umwambie la mwanzo ulikosea wewe. Siyo wifi."

"Nitamwambia."

"Na Rahma nitamweleza mimi. Ataleta maneno. Utayavumilia."

"Nitayavumilia, Bibi."

Simu ikalia. Tusekile akaweka sauti ya nje, akainama, akaisogeza karibu na mdomo wa Bimdogo, ambaye aliipigia kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

"Haloo! Ndiyo wewe wa shuka?"

"Ndiye mimi, mama. Samahani, naongea na nani?"

Bimdogo akakohoa kidogo, akaweka ushungi sawa, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona. "Unaongea na mtoto wa mwenye ua. Usilie, unaharibu simu ya watu. Ulishonea uzi gani?"

"Wa pamba, mama."

"Vizuri. Weka mkasi chini, usifumue. Liko kona gani?"

"Ya kulia, juu."

"Sasa sikiliza. Katikati tumeshapakosa, tupaache. Hiyo robo yako usiiokoe, iitie wenzake. Pindua karatasi, piga kona ya kushoto, itazame ya kulia. Kisha chini mbili. Pembe nne zote zitazame ndani. Watu watadhani ndivyo ulivyopanga. Umepata?"

"Subiri mama, nachukua karatasi..."

"Chukua. Sina pa kwenda."

Mkono wa Tusekile ulianza kufa ganzi kwa kuinua simu, lakini hakuubadilisha. Mgongoni mtoto alichomoa mkono mmoja kwenye kitenge, akaunyosha kuelekea sindano iliyochomekwa begani kwa Bimdogo. Bimdogo, bila kuacha kuongea na Doreen, aliichomoa ile sindano na kuichomeka bega la pili, mbali na vile vidole. Hakumwambia Tusekile kaa. Hakumwambia nenda.